Mali Bila Daftari: Funzo la Darubini ya Puto kwa Mtafiti wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa wafanyabiashara wanapohimizwa kuweka hesabu, na maana yake huishia dukani. Hata hivyo, mtafiti naye ana mali. Mali yake ni data, na daftari lake ni ule mpangilio unaomwezesha yeye mwenyewe, pamoja na watakaomfuata, kujua kila kipande cha data kilitoka wapi, lini na kwa chombo gani.

Makala haya yanashikilia kwamba kupanga data ghafi ni kazi ya kitaaluma iliyo sawa kwa hadhi na uchambuzi wenyewe, na kwamba taaluma ya Kiswahili, hususan utafiti wa fasihi simulizi, inapata hasara kwa kuidunisha kazi hiyo na kuiita ya karani. Ili kuithibitisha hoja hii, makala yanachukua mfano ambao kwa mtazamo wa kwanza uko mbali mno na Kiswahili, nao ni wa darubini iliyoninginizwa kwenye puto ili kutazama nuru ya infraredi itokayo katika galaksi za mbali.

Darubini iliyopaa kwa puto

Nuru ya infraredi ni nuru iliyo chini ya wekundu. Jicho la binadamu haliioni, ingawa ngozi huitambua: mtu anayekaribisha viganja vyake kwenye jiko la makaa huhisi joto hata pale makaa yanapokuwa yamefunikwa na majivu. Wanafalaki huithamini nuru hii kwa sababu nyota changa huzaliwa ndani ya mawingu ya vumbi. Vumbi hilo humeza nuru ya nyota, likapata joto kidogo, kisha likaitoa nuru hiyo tena kwa sura ya infraredi. Anayetazama kwa darubini ya kawaida haoni ila giza mahali ambapo pana uzazi mkubwa wa nyota.

Tatizo ni kwamba mvuke wa maji ulio katika hewa ya dunia huimeza sehemu kubwa ya nuru hiyo kabla haijafika ardhini. Kurusha setilaiti ni ghali. Kwa hiyo wanasayansi wamebuni njia ya katikati, nayo ni kuifunga darubini chini ya puto kubwa la gesi ya heliamu na kuipandisha hadi juu ya sehemu kubwa ya mvuke huo.

Miongoni mwa darubini za aina hiyo ni ile iitwayo BLAST, iliyojengwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, Kanada na Uingereza wakiongozwa na Mark Devlin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwezi Juni mwaka 2005 ilirushwa kutoka Kiruna, kaskazini mwa Uswidi, ikapeperuka kwa siku nne hivi na kutua katika kisiwa cha Victoria nchini Kanada. Tarehe 21 Desemba 2006 ilirushwa tena, safari hii kutoka karibu na kituo cha McMurdo huko Antaktika, ikakaa angani siku 11 kwenye kimo cha takriban kilomita 38.

Kutua kwa safari ya pili kulikuwa msiba. Parachuti haikujifungua kutoka kwenye mitambo baada ya kugusa barafu. Upepo uliijaza parachuti hiyo na kuiburuta darubini takriban kilomita 200 juu ya barafu, hadi ikaishia penye nyufa za barafu ikiwa imevunjikavunjika. Kilichoiokoa kazi yote ni kwamba diski zilizohifadhi data zilipatikana. Wakati wa safari, ni sehemu ndogo tu ya data iliyoweza kutumwa kwa njia ya setilaiti. Iliyobaki yote ilikuwa ndani ya diski hizo. Chombo kilichogharimu miaka ya kazi kiliharibika, lakini mwaka 2009 matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Nature. Yalionyesha kwamba nuru ya infraredi inayoenea anga zima yatokana na galaksi mojamoja, na kwamba zaidi ya nusu ya nuru hiyo yatoka katika galaksi za mbali sana. Darubini ilikufa, data ikaishi.

Picha ambayo haikupigwa

Ni kosa kudhani kwamba ndani ya diski zile mlikuwa na picha za galaksi zilizosubiri kutazamwa. Hamkuwa na picha hata moja ya aina hiyo. BLAST haikupiga picha kama kamera ipigavyo. Ilikuwa na vihisi zaidi ya 250 vilivyopozwa hadi chini ya nusu ya kelvini, yaani karibu kabisa na baridi ya mwisho iwezekanayo. Vihisi hivyo viligawanywa katika makundi matatu kufuatana na urefu wa mawimbi: maikromita 250, 350 na 500. Darubini ilipokuwa ikipita huku na huko juu ya eneo fulani la anga, kila kihisi kilitoa namba moja takriban mara 100 kwa kila sekunde. Msomaji akizidisha vihisi 250 kwa mara 100, kisha kwa sekunde 86,400 zilizo katika siku moja, atapata zaidi ya namba bilioni 2 kwa siku. Katika siku 11 namba hizo zinapita bilioni 20.

Namba hizo peke yake hazisemi lolote. Namba inayotoka kwenye kihisi hupata maana pale tu inapounganishwa na namba nyingine: saa kamili ilipoandikwa, upande ambao darubini ilikuwa imeelekea, joto la kioo, na hali ya kihisi chenyewe. Ndiyo maana BLAST ilibeba pia kamera za kupiga picha za nyota, vifaa vya kupimia mzunguko wa chombo na vya kutambua mahali kilipo. Baada ya safari, picha za nyota zililinganishwa na orodha za nyota zinazojulikana ili kubaini darubini ilikuwa ikitazama wapi katika kila nukta ya wakati. Kisha zikaondolewa namba zilizoruka ghafla kwa sababu ya chembechembe kutoka anga za mbali kugonga kihisi, na pia mawimbi ya polepole yanayotokana na vihisi vyenyewe na wala si ya galaksi. Baada ya kazi hiyo yote ndipo namba zilipojumlishwa zikawa ramani.

Kwa maneno mengine, picha ya galaksi ni hoja. Ni tamko la watafiti kwamba namba hizi, zikipangwa hivi na kusafishwa kwa njia hii, zinaonyesha kitu hiki. Anayetaka kuipinga hoja hiyo hana budi kuzifikia namba zilizokuwapo kabla ya kupangwa na kusafishwa.

Kanuni za mpangilio

Jinsi data ya BLAST ilivyopangwa ina mafunzo matatu. La kwanza ni kuvitenga vitu visivyofanana. Katika mpangilio uliotumiwa, kila mkondo wa namba huwekwa katika faili lake, na mafaili yote ya safari moja hukaa katika folda moja. Kihisi fulani kina faili lake na saa ina lake. Mtafiti anayetaka kuchunguza kihisi kimoja halazimiki kufungua kila kitu.

La pili ni maelezo. Ndani ya folda hiyo huwekwa faili moja la maandishi ya kawaida linaloeleza kila mkondo: unaitwaje, umeandikwa kwa aina gani ya namba, na una namba ngapi kwa kila kipindi. Faili hilo husomeka kwa macho ya binadamu bila ya programu maalumu. Likipotea, mabilioni ya namba hugeuka kuwa kokoto.

La tatu, ambalo ndilo zito zaidi, ni kutogusa kilicho ghafi. Mtafiti akitaka kubadili namba za kihisi ziwe vipimo vya nuru, haandiki juu ya namba za awali. Anaongeza katika faili la maelezo mstari unaosema kwamba mkondo mpya unapatikana kwa kuuzidisha ule wa zamani kwa kiasi fulani na kuongeza kiasi fulani. Ikibainika kesho kwamba kiasi hicho kilikosewa, mstari mmoja hurekebishwa na data ghafi hubaki bikira. Manufaa ya kanuni hii yalionekana baada ya safari ya mwaka 2005. Kioo kikuu cha darubini kilipata dosari, na nuru ya nyota moja, badala ya kukusanyika mahali pamoja, ilitawanyika. Kwa kuwa namba za awali zilihifadhiwa jinsi zilivyokuwa, watafiti waliweza kuichunguza dosari kwa kutumia data ileile na kuizingatia katika uchambuzi wao. Data iliyokuwa ikielekea kutupwa ikazaa makala za kitaaluma.

Ramani zinapokamilika, wanafalaki wengi huzihifadhi katika muundo uitwao FITS, ambao Muungano wa Kimataifa wa Wanafalaki uliuidhinisha mwaka 1982. Kila faili la muundo huu huanza kwa mistari ya maandishi inayotaja chombo, tarehe, upande wa anga na vipimo, ndipo zije namba. Moja ya kanuni zake ni kwamba mabadiliko yoyote ya baadaye yasifanye faili la zamani lishindwe kusomeka. Uimara huo umeivutia hata Maktaba ya Vatican, ambayo ilichagua muundo huo kuhifadhia picha za miswada yake ya kale. Hapa ndipo mtaalamu wa fasihi anapopaswa kutega sikio: chombo kilichobuniwa kwa ajili ya nyota kimeonekana kufaa kwa ajili ya miswada.

Kiswahili kilikuwa na daftari

Yumkini msomaji atadhani kwamba nidhamu hii ni ngeni katika utamaduni wa Waswahili. La hasha. Watunzi wengi wa tenzi walizoea kufunga utungo kwa kutaja jina la mtunzi, tarehe ya kumaliza na idadi ya beti. Wahakiki wa leo hupita juu ya beti hizo upesi kana kwamba ni mapambo. Lakini idadi ya beti ina kazi. Mnakili aliyepokea utenzi na kukuta mtunzi ametaja idadi fulani ya beti, kisha akahesabu na kupata pungufu, alijua papo hapo kwamba nakala aliyoshika ina pengo. Mafaili ya FITS nayo yaweza kubeba namba ya ukaguzi inayofanya kazi hiyohiyo: kompyuta huhesabu upya, na hesabu ikikataa kulingana, hujulikana kwamba kitu kimeharibika njiani.

Mfano mwingine ni wa tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa. Katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya tungo hizo na kuziandikia maelezo kwa ajili ya William Taylor. Karatasi za Taylor zilihifadhiwa London. Kutokana na hazina hiyo William Hichens alichapisha diwani mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akachapisha uchambuzi wake mpana kuhusu Muyaka na jamii yake. Kizazi kimoja kilikusanya, kingine kikahariri, kingine kikachambua. Lau Sikujua angetunza tungo pasi na maelezo, au lau mhariri angechoma karatasi baada ya kitabu kutoka, mlolongo huo ungekatika.

Hali ya watafiti wengi wa leo ni tofauti. Mwanafunzi huenda nyanjani, akarekodi ngano, nyimbo za harusi au mawaidha ya wazee. Hurudi na sauti saa nyingi. Huchagua vipande vinavyoafiki nadharia yake, akavinukuu katika tasnifu, akatahiniwa na kufuzu. Kinachobaki maktabani ni tasnifu, yaani picha iliyokwisha kusafishwa. Sauti zenyewe hubaki katika kanda au simu ya mwanafunzi, mara nyingi zikiwa na majina yasiyomwambia mtu kitu: rekodi ya kwanza, rekodi ya pili, rekodi mpya. Simu ikiibwa au kanda ikiota ukungu, basi. Fanani aliyerekodiwa akiwa na umri wa miaka tisini hatarudi kurekodiwa tena. Galaksi itakuwapo mwakani, na puto jingine laweza kurushwa. Mzee hangoji puto la pili.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana haja na mambo ya darubini, na kwamba kila ndege huruka kwa bawa lake. Ni kweli kwamba taaluma hutofautiana. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba Kiswahili kimo katika falaki tangu zamani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina Uhuru. Orodha ya nne ya vyanzo ilivyovigundua, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339, na kila kimoja kimeandikwa kwa alama ya 4U, ambapo herufi U ni ya Uhuru. Mwanafalaki anayeandika leo kuhusu 4U 1956+35, kitu maarufu kwa jina la Cygnus X-1, anatumia herufi ya neno la Kiswahili, ajue asijue. Setilaiti yenyewe imekwisha kutoweka. Neno limebaki hai kwa sababu liliingizwa katika orodha iliyopangwa vizuri.

Wengine watadai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuzungumzia mambo haya. Dai hili limezeeka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990, na maneno kama darubini, kihisi, mawimbi, ghafi na mkondo yanaeleweka bila kufafanuliwa. Kabla ya hapo, wakulima na mabaharia wa pwani walikitazama kilimia na kukisia kwacho majira ya mvua na jua. Pale neno linapokosekana, kama ilivyo kwa infraredi au galaksi, Kiswahili hukopa na kutohoa kama kilivyofanya kwa karne nyingi. Msamiati hukua kwa kutumiwa. Lugha isiyoandika kuhusu data haitapata maneno ya data kwa kungoja tu.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi na lastahili kuheshimiwa. Nyota haina siri wala haki. Fanani anazo zote mbili. Mafunzo ya unyago, dua za tambiko au masimulizi ya ugomvi wa ukoo hayawezi kuwekwa wazi kama namba za kihisi. Hapa mfano wa darubini unafikia kikomo chake. Lakini jambo hili linaongeza haja ya mpangilio badala ya kuiondoa. Rekodi isiyo na maelezo haiwezi kumlinda fanani, kwa kuwa hakuna ajuaye alikubali nini na alikataza nini. Ruhusa ya msimulizi, pamoja na masharti yake, ni sehemu ya maelezo ya data, na yafaa iandikwe pale pale panapoandikwa jina, mahali na tarehe.

Hitimisho

Mambo yanayopendekezwa hapa hayahitaji fedha nyingi. Idara za Kiswahili zinaweza kudai kwamba kila tasnifu inayotokana na utafiti wa nyanjani iwasilishwe pamoja na rekodi zake ghafi, na ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida unaotaja nani alirekodiwa, wapi, lini, kwa kifaa gani, kwa lahaja gani na kwa ruhusa ipi. Mafaili yapewe majina kwa utaratibu mmoja unaokubaliwa na idara nzima. Nakala ya awali isikatwe wala kusafishwa. Unukuzi na tafsiri viwe mafaili mengine yanayoirejelea. Nakala mbili ziwekwe mahali pawili, kwa maana maktaba nazo huvuja. Vyama vya wanafunzi vinaweza kuanza hata kabla ya idara kuamua, kwa kukusanya na kuorodhesha rekodi za wanachama waliokwisha kuhitimu, maadamu wenye rekodi hizo wangali wanajulikana walipo.

Watahini nao wana sehemu yao. Endapo mpangilio wa data hautatuzwa alama, hakuna mwanafunzi atakayeupa muda. Tasnifu yenye uchambuzi wa kuvutia juu ya data isiyoweza kufikiwa na mtu mwingine ni sawa na ramani ya anga isiyo na namba nyuma yake: yaweza kuwa kweli, yaweza kuwa uongo, na hakuna njia ya kujua. Kiswahili kina mafanani ambao sauti zao zimo katika kanda zilizoko chini ya vitanda na katika simu zilizopasuka vioo. Kuziandikia sauti hizo jina, tarehe na mahali ni kazi ya mchana mmoja. Kuzitafuta baada ya wenyewe kuondoka ni kazi isiyo na mwisho.